Mgonjwa akisema "sijambo", tuhesabu nini?



Kutoka Tukuyu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Familia ikiambiwa na daktari kwamba mama au baba ana saratani, na kwamba inafaa apelekwe huko kwa mionzi au kwa dawa za kutundikiwa, vikao vya nyumbani huanza usiku uleule. Nani atamsindikiza? Watafikia kwa nani? Auzwe ng'ombe, au shamba la migomba likodishwe? Katikati ya mambo hayo maswali mawili huulizwa bila kukosa: Je, atapona? Na kama hatapona, ataongezewa muda gani?

Swali la tatu mara nyingi halipati mwenye kuliuliza. Huo muda atakaoongezewa, ataishi vipi? Atakula? Atalala usiku? Ataweza kukaa nje juani na wajukuu, au atautumia wote akitapika na kusubiri gari la kwenda kliniki?

Mwezi huu tumeona vema tulizungumzie swali hilo la tatu, kwa sababu wataalamu wa saratani nao walichelewa kulipa uzito wake, na kwa sababu njia wanazotumia kulijibu zinategemea sana ukweli wa mgonjwa mwenyewe. Ni habari ya takwimu. Tunajua neno hilo huwafanya wengine wafunue ukurasa wa mbele upesi. Tunaomba mtuvumilie: hesabu zilizomo humu ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawa tu, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuwasaidia.

Daktari wa Uganda na swali lake

Kwa miaka mingi watafiti wa dawa za saratani walihesabu mambo mawili: uvimbe umepungua kiasi gani, na mgonjwa ameishi muda gani. Afrika Mashariki tunayo historia ndefu katika kazi hiyo. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya saratani ya taya iliyokuwa ikiwashambulia watoto, na mwaka 1967 kikaanzishwa pale Mulago, Kampala, kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa zilizojaribiwa huko ziliwaponya watoto wengi. Mtoto akipona akarudi kucheza, hakuna haja ya kumuuliza siku zake zikoje.

Lakini wagonjwa wetu wengi ni watu wazima, nao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Profesa Charles Olweny, Mganda aliyeongoza taasisi hiyo miaka ya 1970, aliliona jambo hilo na kuliandikia. Yeye na wenzake walifanya utafiti nchini Zimbabwe ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2005. Wagonjwa zaidi ya 400 wenye sarkoma ya Kaposi, ile saratani inayowaandama wenye UKIMWI, waligawanywa kwa kura katika makundi manne: dawa ya kumeza iitwayo etoposidi, dawa tatu kwa pamoja, mionzi, na kundi la kutunzwa na kutulizwa tu. Swali kuu la utafiti halikuwa nani ataishi zaidi. Lilikuwa: ni kundi lipi litaishi siku zilizo bora? Waliokunywa etoposidi ndio walioonekana kuwa na hali bora. Hayo yalikuwa ya wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwafikia wagonjwa wengi wa huko. Leo matibabu yamebadilika, kwa hiyo asiwepo wa kuchukua habari hii kama cheti cha dawa. Sisi tunaitaja kwa sababu ya swali lake. (Tuongeze kwamba Profesa Olweny baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, ambacho ni chuo cha Kanisa.)

Maumivu yanageukaje kuwa namba?

Hapo ndipo wengi hushangaa. Kilo za chai hupimwa kwa mizani, homa kwa kipimajoto. Maumivu je, au wasiwasi wa mama anayewaza ada ya shule?

Tuanze na mfano mwepesi, saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo ni nyingi katika ukanda wetu huu wa Afrika. Madaktari hutumia ngazi ya namba kutoka 0 hadi 4. Anayekula chochote, hata ugali na nyama, ana 0. Anayemeza vyakula vigumu baadhi tu ana 1. Anayemeza vilaini, kama uji mzito na ndizi zilizopondwa, ana 2. Anayemeza vya majimaji tu ana 3. Na asiyeweza kumeza hata mate yake ana 4. Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, wilaya ya Bomet ya wakati huo nchini Kenya, wagonjwa wengi wa namna hiyo waliwekewa mrija wa waya unaopanua njia ya chakula. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba wastani ulishuka, ingawa si wagonjwa wote walioweza kufuatiliwa. Mrija hauponyi saratani. Lakini mtu aliyekuwa hamezi maji sasa anaketi mezani na familia yake. Nani atasema hilo si kitu?

Kwa mambo mapana zaidi hutumika dodoso, yaani karatasi ya maswali yaliyopangwa. Lililoenea sana lilitolewa Ulaya mwaka 1993, lina maswali 30, nalo limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Humuuliza mgonjwa juu ya wiki iliyopita: Je, ulikuwa na maumivu? Ulipata shida kutembea mwendo mrefu? Ugonjwa umekuletea matatizo ya fedha? Mengi ya majibu yana ngazi nne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "sana". Kisha majibu hugeuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100. Wauguzi na watafiti wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Sweden, walilitumia kwa Kiswahili pale Ocean Road, wakatangaza matokeo mwaka 2012. Kati ya mizigo mikubwa waliyoitaja wagonjwa ni maumivu na shida ya fedha. Msomaji wa Kyimo au Masoko hatashangaa.

Kipo pia kipimo kilichotungwa kwa ajili ya Afrika na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala lakini kilizinduliwa Arusha mwaka 2004. Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa pamoja na nyumba yake. Kipimo hicho kina maswali kumi tu, saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemtunza, nacho huuliza juu ya siku tatu zilizopita. Anayeona shida kusoma hujibu kwa vidole: ngumi ni sifuri, mkono wazi ni tano. Huuliza maumivu, huuliza wasiwasi, na huuliza pia kama mgonjwa ana amani. Sisi tunakipenda kuliko vyote tulivyovitaja.

Kasoro ya adabu yetu

Basi dodoso limeletwa, muuguzi ameketi karibu na kitanda. "Hujambo, mama?" Jibu tunalijua sote. Hata mwenye homa kali husema "sijambo", na kama kuna uzito sana ataongeza "namshukuru Mungu". Huku kwetu Rungwe neno "ndaga" hutangulia kabla mtu hajasema lolote la moyoni. Ni adabu njema na hatusemi iachwe. Lakini adabu hiyo ikiingia katika dodoso, hesabu nzima inapinda. Mgonjwa aliyekesha kwa maumivu anaonyesha kidole kimoja ili asimsumbue sista, na sista anaandika 1.

Pengine ni mbaya zaidi kijana wa familia anapojibu kwa niaba ya mzazi. Kijana huona yale yanayoonekana: amekula, hajala, ametembea. Hofu ya usiku haioni. Tena mzee hawezi kumweleza muuguzi habari za choo au za unyumba mbele ya mkwewe. Ndiyo maana watafiti waangalifu huomba faragha kidogo wakati wa maswali. Wasindikizaji wakiombwa wasogee nje wasione wametengwa.

Wastani unaodanganya

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme wagonjwa kumi wameanza dawa mpya. (Hesabu hii ni ya mfano, tumeitunga wenyewe.) Alama 100 ni hali njema kabisa. Sita kati yao bado wana nguvu, kila mmoja ana alama 60. Wanne wamedhoofika, kila mmoja ana 35. Jumla ni 500, na ukigawa kwa kumi wastani ni 50.

Miezi mitatu ikapita, dodoso likaletwa tena. Wale sita wameshuka kidogo, kila mmoja sasa ana 55. Wale wanne hawakujibu: wawili hawawezi hata kuketi, mmoja amerudishwa kijijini, mmoja amefariki dunia. Mtafiti asiye mwangalifu hujumlisha alama za waliojibu, akagawa kwa sita, akapata 55. Kisha huandika: wastani umepanda kutoka 50 hadi 55, dawa inafaa.

Ndugu msomaji, rudia hesabu hiyo taratibu. Kati ya waliojibu hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Wote sita wameshuka. Wastani umepanda kwa sababu wanyonge wametoka katika hesabu. Ni sawa na mwenye ng'ombe kumi anayejisifu kwamba wastani wa maziwa umeongezeka, kumbe wale wanne wenye maradhi ameacha kuwakamua.

Katika utafiti wa saratani jambo hili si la nadra, hutokea karibu kila mahali, kwa sababu anayeshindwa kujibu mara nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Ukimya wake ni habari. Hapo zamani watafiti wengine walijaza pengo kwa kurudia jibu la mwisho la mgonjwa. Maana yake mtu aliyejibu mwezi Machi akiwa na nguvu, akafariki Mei, huandikwa kana kwamba bado yuko kama alivyokuwa Machi. Njia hiyo leo haisifiwi.

Watakwimu wa sasa hufanya nini? Kwanza hutaka iandikwe kwa nini dodoso halikujibiwa: je, mgonjwa alizidiwa, au barabara ilikatika kwa mvua? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na kwa mvua zetu za Rungwe la pili si utani. Pili, badala ya kulinganisha wastani wa mwanzo na wa mwisho, humfuata kila mtu katika njia yake, wakitumia kila jibu alilotoa hata kama alikosa mara moja au mbili. Tatu, huiunganisha hesabu ya alama na hesabu ya vifo, ili kundi lililopoteza watu wengi lisionekane lenye furaha kwa kuwa limebaki na wachache wenye nguvu. Na mwisho hujaribu makisio mbalimbali juu ya wale waliokaa kimya: je, kama wote walikuwa na hali mbaya sana, dawa bado ingeonekana kuwa bora? Ikiwa jibu linageuka kila makisio yanapobadilika, mtafiti mwaminifu hulisema hilo waziwazi katika taarifa yake.

Kuna mtego mwingine tuutaje kwa ufupi. Utafiti ukiwa na watu wengi sana, hata tofauti ya alama tatu inaweza kuthibitishwa kuwa haikutokea kwa bahati tu. Lakini je, mgonjwa anaisikia mwilini? Mwaka 1998 Dk. David Osoba wa Kanada na wenzake walitangaza majibu ya wagonjwa wenyewe juu ya hilo. Mabadiliko ya alama 5 hadi 10 waliyaita kidogo, 10 hadi 20 kiasi, na zaidi ya 20 makubwa. Kwa hiyo dawa ya gharama kubwa inayosifiwa kwa alama tatu, tuitazame kwa jicho la pili. Na anayepima mambo ishirini kwa mara moja, karibu halikosekani moja litakaloonekana zuri kwa bahati nasibu. Ndiyo sababu mtafiti hutakiwa aseme kabla ya kuanza ni jambo lipi analolitafuta.

Miezi ipi ni mizuri?

Miaka ya 1980, katika utafiti wa saratani ya matiti, ilizuka njia ya kuhesabu urefu na ubora kwa pamoja. Maisha ya mgonjwa baada ya kuanza dawa hugawanywa katika vipindi vitatu: kipindi cha kusumbuliwa na dawa yenyewe, kipindi cha utulivu, na kipindi baada ya ugonjwa kurudi. Mwezi wa utulivu huhesabiwa mmoja kamili. Mwezi wa mateso huhesabiwa sehemu tu, tuseme nusu.

Tuchukue dawa mbili za kubuni. Ya kwanza humpa mgonjwa miezi 14: sita ya kutapika na kudhoofika, minne ya utulivu, minne ya ugonjwa uliorudi. Ya pili humpa miezi 12: mmoja wa shida ya dawa, saba ya utulivu, minne ya mwisho. Kwa urefu, ya kwanza imeshinda kwa miezi miwili. Kwa hesabu ya nusu, ya kwanza inapata 3 na 4 na 2, jumla 9; ya pili inapata nusu na 7 na 2, jumla 9 na nusu. Imeshinda ya pili. Lakini mgonjwa mwingine atasema mwezi wa kutapika kwake si nusu, ni kama robo tatu, maana anamsubiri mwanawe apate daraja la upadre au binti afunge ndoa. Kwake dawa ya kwanza inashinda. Kwa sababu hiyo watakwimu hawapaswi kuchagua uzito mmoja wakaufunga. Huonyesha matokeo kwa kila uzito, ili uamuzi urudi kwa mwenye mwili wake.

Hapa lazima tuseme neno kama gazeti la Kanisa. Usemi huu wa "ubora wa maisha" unaweza kutumiwa vibaya, na Papa Yohane Paulo II alionya juu ya hilo katika waraka wake *Evangelium Vitae* wa mwaka 1995. Nusu tuliyoitaja hapo juu ni uzito wa mateso ya mwezi ule. Thamani ya mtu haigawanyiki, awe anatembea au amelala. Kipimo ni cha dawa, wala si cha mgonjwa. Kwa upande mwingine, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inafundisha kwamba ni halali kuacha matibabu yaliyo mzigo mkubwa au yasiyolingana na faida inayotarajiwa, na uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiweza. Ataamuaje kama hakuna aliyemwambia miezi hiyo itafanana na nini?

Kwa familia zetu

Rungwe si wageni wa utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapa Tukuyu, na utafiti wowote wa afya nchini hupaswa kupata kibali cha maadili kabla ya kuanza. Ndugu yako akiombwa kuingia katika majaribio ya dawa ya saratani, iwe Mbeya au Dar es Salaam, ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kukataa bila kunyimwa matibabu ya kawaida, na kujitoa wakati wowote. Aulize pia: Je, mtapima hali yangu ya kila siku, au uvimbe tu? Mtanipata vipi nikishindwa kuja?

Akiisha kukubali, tunaomba ajibu hasa siku zile mbaya. Siku ambayo hawezi kushika kalamu, amwambie msindikizaji apige simu aseme hivyo. Hata hilo huandikwa na lina kazi yake katika hesabu.

Na asiye katika utafiti wowote, awe anatibiwa Igogwe, Makandana au Mbeya, anaweza kutumia vidole vilevile. Chukueni daftari la shule la kurasa chache. Kila jioni, watoto wakiisha kutoka chumbani, muulizeni mgonjwa maumivu yake ni vidole vingapi, usingizi wa jana ulikuwaje, alimeza nini, na kama moyo wake umetulia. Andikeni namba atakayotoa yeye, si ile mnayoiona ninyi, pamoja na tarehe na dawa aliyokunywa siku hiyo. Siku asipoweza kujibu, msiache nafasi wazi: andikeni "hakuweza". Daktari aliye na wagonjwa wengi mlangoni ataliona kwa dakika moja lile ambalo lingemchukua nusu saa kuuliza, na vidole vinne kwa siku tano mfululizo ni sababu tosha ya kubadili dawa ya maumivu. Daftari hilo lifungwe pamoja na kadi ya kliniki na majibu ya maabara, lisisahauliwe nyumbani siku ya safari.